Ile Saa Nyekundu ya Punguzo ni Uongo Mtupu

"Kaka, harakisha, zimebaki dakika tisa bei ipande." Mdogo wangu alinisogezea simu nimsaidie kuchagua rangi ya viatu. Juu ya picha palikuwa na saa nyekundu, sekunde zinakatika moja moja. Nikamwambia aufunge ukurasa ule, aufungue upya kwenye kivinjari kingine. Saa ikaanza mwanzo, dakika 15 kamili. Viatu vilevile, bei ileile.

Nimekasirika, na sioni kwa nini nipoe. Tumezoea kuambiwa kwamba huo ni ubunifu wa masoko, kwamba muuzaji anamchangamsha mteja. Lakini muuzaji amesema jambo ambalo anajua si kweli, na amelisema ili utoe pesa. Angelisema kwa mdomo wake tungemwita tapeli. Kwa kuwa limesemwa na programu, tunalipita kama pambo la ukurasa.

Wala si duka moja. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walipitisha programu yao kwenye tovuti za ununuzi zipatazo 11,000. Wakakuta mifano 1,818 ya mbinu za kumsukuma au kumhadaa mnunuzi, na tovuti 183 ambazo mbinu zake zilikuwa za udanganyifu. Kulikuwa na saa zinazofika sifuri na ofa isiishe. Kulikuwa na jumbe za kusema watu kadhaa wanaitazama bidhaa hiyo sasa hivi, kumbe idadi imetungwa na kompyuta bila kumhesabu mtu yeyote. Kilichonichoma zaidi ni kwamba walikuta pia kampuni na huduma 22 zinazowapa wenye maduka mbinu hizi zikiwa tayari, kazi yao ni kuzibandika tu. Mwenye duka hahitaji hata kujua saikolojia. Anaikodi.

Na saikolojia yenyewe inajulikana zamani. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Stephen Worchel na wenzake waliwapa watu biskuti kutoka kwenye chupa. Wengine waliona chupa yenye biskuti kumi, wengine yenye mbili. Biskuti zilikuwa zilezile, lakini zile za chupa yenye mbili ndizo zilizothaminiwa zaidi. Miaka minne baadaye wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky wakaonyesha kwamba uchungu wa kupoteza humwelemea mtu kuliko furaha ya kupata kitu cha thamani hiyohiyo. Sasa iangalie tena ile saa. Haikuambii utapata nini. Inakuambia unapoteza, na inakuambia kila sekunde. Mdogo wangu hakuwa akifikiria viatu tena. Hakuuliza kama soli ni ya kushonwa au ya gundi, hakusoma masharti ya kurudisha, hakutafuta duka jingine kulinganisha. Macho yalikuwa kwenye tarakimu. Hicho ndicho saa ilichowekewa: kumnyang'anya mtu ule muda mfupi ambao angeutumia kufikiri.

Wapo wanaosema mbinu hizi ni za kale, kwamba mchuuzi amekuwa akipaza sauti kuwa mzigo umebaki mmoja tangu masoko yalipoanza. Ni kweli. Lakini mchuuzi yule ulimwona uso. Ungeweza kuchungulia nyuma ya meza yake, ungeweza kumuuliza jirani yake, na kesho ukipita ukaukuta mzigo uleule ungemjua. Duka la kwenye simu ndilo linalokuona wewe. Linajua ulichotazama juzi, ulikaa kwenye picha gani, uliacha nini kikapuni. Linaweza kuwaonyesha wateja kurasa mbili tofauti, kupima ni ipi iliyowafanya walipe upesi, kisha kubaki na hiyo. Huna la kuchungulia.

Bei iliyopigwa mstari, ile ya zamani inayowekwa kando ya bei mpya, ni ndugu yake saa. Kahneman na Tversky haohao walieleza mwaka 1974 jinsi namba ya gurudumu la kubahatisha ilivyovuta makadirio ya watu kuhusu asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa. Gurudumu likisimama kwenye 10, watu walikadiria 25. Likisimama kwenye 65, walikadiria 45. Bei iliyopigwa mstari huvuta kadirio lako vivyo hivyo. Umoja wa Ulaya ulishaliona hilo: duka likitangaza punguzo, sharti lionyeshe bei ya chini kabisa iliyotumika katika siku 30 zilizotangulia. Sheria fupi, inaeleweka, na sijui nchi nyingine zinangoja nini.

Kuhusu huduma ambazo kujiunga ni kubofya mara moja na kujitoa ni safari, nitataja kesi moja tu. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuwaingiza watu kwenye Prime, uanachama wake wa kulipia, bila ridhaa ya kweli na kuwasumbua wanapotaka kutoka. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilikubali kumaliza shauri kwa dola bilioni 2.5, bila kukiri kosa.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba si kila haraka ni hila. Viti vya ndege huisha. Ofa nyingine zina mwisho halisi. Na mapendekezo ya mashine yamenikutanisha na vitabu ambavyo nisingevipata peke yangu. Sipingi teknolojia kumjua mteja ikiwa inamhudumia.

Ninachokataa ni ule utetezi wa kwamba mteja ana hiari, hakuna aliyemshika mkono. Hiari inahitaji taarifa za kweli. Ukimwambia mtu nyumba inaungua akaruka dirishani, usije ukasema aliruka kwa hiari yake. Na wanaoruka si wajinga. Ni watu waliochoka, wananunua usiku baada ya kazi, pesa yenyewe haitoshi, na ndiyo maana punguzo linawashtua.

Kwa hiyo sheria iseme hivi: duka likiweka saa, litunze kumbukumbu zinazothibitisha kwamba ilipofika sifuri bei ilipanda kweli, kwa kila mteja. Likishindwa kuzitoa, limrudishie pesa kila aliyenunua saa ile ikihesabu, hata kama viatu ameshavivaa.