Kilomita Chache Si Sifa

Nauza pikipiki. Ni Triumph Bonneville T100 ya mwaka 2018, nyeusi, injini ya cc 900, kadi ina jina langu na funguo zote mbili zipo. Naomba milioni 17. Wiki ya tatu hii iko sokoni hapa Moshi, na katika wiki hizo nimechoshwa na sentensi moja ambayo kila dalali anataka niitangulize: "Haijatumika sana, mtumiaji mmoja."

Kwanza watumiaji tuko wawili. Aliyeileta ni Mtanzania mwenzetu aliyerudi kutoka Uingereza na vitu vyake, akaniuzia mwaka 2020. Pili, hilo la kutotumika ni kweli, ila sioni kwa nini nijivunie.

Dashibodi inasoma 3,900. Dalali wa kwanza alipoona namba hiyo alipiga mluzi, akatoa simu apige picha. Nikamwambia hizo ni maili, mangi, kwa kilomita ni 6,200 na ushee. Akaniangalia kama mtu aliyejikwaa kwenye mlango wake mwenyewe. "Sasa hayo ya maili nani kakuuliza?"

Hakuna aliyeuliza, lakini mimi maili zilishanila hela. Miezi ya mwanzo nilikuwa natoka Arusha narudi nyumbani, nikaingia Boma Ng'ombe mshale ukiwa 45, nikajisifu moyoni kwamba leo nimetulia, kibao kinasema 50. Mbele kidogo afande akatoka kivulini na tochi yake. Inasoma 71. Nikaanza kubisha, nikamwita aje aone mshale. Akaja, akainama, akasoma herufi ndogo zilizo chini ya namba, akacheka hadi akashika kofia. Kisha akaniandikia faini ya 30,000 kama kawaida. Tangu siku hiyo mshale ukifika 30 mjini najua nimefika mwisho.

Nirudi kwenye kutotumika. Tumezoea kuamini kwamba chombo kilichokaa ndani ni kizima kuliko kilichotembea. Huenda ni kweli kwa sahani za harusi. Pikipiki ikikaa inazeeka kimyakimya. Petroli ya kwenye tangi huchacha na kuacha utando. Betri hujimaliza yenyewe. Mafuta ya breki hunyonya unyevunyevu wa hewani, ndiyo maana yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama hujatoka getini. Mnyororo hushika kutu, na mpira hukakamaa. Ukitaka kujua umri wa tairi usitazame vijino, tafuta tarakimu nne pembeni mwake. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zangu zimeandikwa 3417, maana yake zilitoka kiwandani wiki ya 34 ya mwaka 2017. Vijino vyake bado virefu, ungesema zimetoka dukani jana. Lakini siku ya mvua, kwenye lami inayopanda kwenda Kibosho, nimezisikia zikiteleza kama ndala kwenye sakafu ya bafu. Anayenunua ahesabu na bei ya tairi mbili. Mimi nimeshaihesabu kwenye hiyo 17.

Betri niliibadilisha mwaka 2023. Mafuta ya breki niliyasahau mwaka mzima kabla ya kuyabadilisha. Nayasema haya na najua madalali watanicheka.

Kilichofanya isitembee si siri. Ofisi yangu iko dakika kumi kwa miguu. Jumamosi ni misiba na harusi, na msibani huendi na pikipiki inayonguruma hivyo. Jumapili ni kanisani na familia, watu watano, siti moja. Kwa hiyo ikaingia stoo, ikafunikwa shuka, halafu shuka likatakiwa kwenye matumizi mengine. Siku moja nimerudi nikakuta sare za shule za watoto zimeanikwa kwenye vioo vyake, sketi kulia, kaptula kushoto, na juu ya siti kuna ungo wa maharage. Mama Neema hakuomba radhi, na sikuona pa kuanzia. "Baba Neema," akasema, "hicho ni kitu pekee humu ndani ambacho hakifanyi kazi."

Basi hapo ndipo nilipoamua.

Watu wanaikubali kwa macho, hilo sikatai. Ukiiegesha karibu na Mnara wa Saa, kabla hujavua kofia wameshakuzunguka. Wazee ndio hasa. Mzee mmoja kutoka Machame aliipapasa tangi taratibu, akaniambia padri wao alikuwa na ya namna hii enzi za Mkoloni. Sikumkatalia, ingawa hii na ile ya padri zinafanana sura tu. Jina Bonneville lilianza kuuzwa mwaka 1959, likichukuliwa kutoka uwanda wa chumvi huko Utah, Marekani, ambako Triumph ilikimbizwa kutafuta rekodi ya mwendo. Kiwanda cha zamani cha Meriden, Uingereza, kilifungwa mwaka 1983, mjenzi wa nyumba aitwaye John Bloor akalinunua jina na kuanza upya mji wa Hinckley, hukohuko Uingereza. Bonneville ikarudi mwaka 2001, na hizi za kupozwa kwa maji zikaanza mwaka 2016.

Ndiyo, inapozwa kwa maji. Ukiitazama injini ina mapezi yale ya kupozwa kwa upepo, lakini rejeta ipo, imebanwa mbele katikati ya mabomba ya fremu ili usiione haraka. Kile kinachofanana na kabureta nacho ni vazi tu, ndani kuna mfumo wa kompyuta wa kunyunyizia petroli. Na wale wanaosema wanataka "chuma cha Mwingereza" niwaambie kabisa: Triumph wana viwanda Thailand, na Bonneville nyingi za siku hizi huunganishwa huko. Hainisumbui. Imeunganishwa vizuri, kila nati iko mahali pake. Kinachonisumbua ni muuzaji anayenyamaza ili mteja aendelee kuota.

Fundi naye ni jambo la kufikiria. Fundi wangu wa Boxer ni hodari, anasikiliza injini kwa kichwa kuinamisha tu. Kwenye hii alibadilisha oili na chujio, akalainisha mnyororo, akaishia hapo. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi utahitaji mashine ya kuisoma. Funguo nazo zina chipu, usifikiri utachongesha ya tatu kwa kijana wa stendi. Vipuri ni vya kuagiza na kusubiri.

Halafu kuna pancha. Rimu ni za spoku, ndani kuna tyubu, kwa hiyo kuziba ni kazi ya kawaida. Shida ni kuinua. T100 haiji na stendi ya kati, ina ya pembeni peke yake, na uzito wake unapita kilo 200. Ilinipata Himo. Mzee wa pancha aliizunguka mara mbili, akauliza, "Sasa hii tunailaza?" Tukaazima kreti mbili za soda na ubao kwa mama wa genge, vijana wanne wa bodaboda wakainua, wa tano akasukuma kreti chini ya injini. Spana ya ekseli ya nyuma ilitafutwa kwa fundi wa malori. Kuziba kwenyewe kulichukua dakika 15, shughuli nzima saa mbili na nusu. Nililipa pancha, nikalipa soda za watu wote, pamoja na za waliokuja kutazama.

Wateja? Wengi huanza na "mwisho ngapi?" kabla ya salamu. Mmoja alitaka tubadilishane na Noah yake, niongeze mimi. Mwingine ana kiwanja Njia Panda, hati bado inashughulikiwa. Vijana wa bodaboda huuliza lita moja inakwenda wapi, na nikiwaambia kilomita ishirini na kitu wananipa pole ya kweli kabisa. Wana haki. Hapa kwetu pikipiki hupimwa kwa inachorudisha jioni, na hii jioni hairudishi hata mia. Ndiyo maana bei yake haina pa kushikia. Boxer kila mtu anajua inauzwaje. Hii thamani yake ni ile atakayoikubali mtu mmoja, na bado sijampata.

Kwenye karatasi sitalegeza. Tunaandikishana kwa wakili, tunakwenda TRA, jina linabadilika, ndipo ufunguo wa pili unatoka mfukoni. Habari ya "tutabadilisha baadaye" nimeiona ilivyomtesa jirani yangu, aliyekuwa akiletewa faini za pikipiki aliyoiuza zamani. Na wewe mnunuzi, ingiza namba ya usajili mtandaoni uone kama nina deni la trafiki, uhakiki na bima. Sitachukia.

Juzi alikuja mtu kutoka Usa River. Hakuuliza mwisho. Alisalimia, akaomba maji ya kunywa, akaiendea pikipiki na kugusa injini kwa mgongo wa kiganja. Nikamwelewa papo hapo. Alitaka kuhakikisha sijaipasha moto kabla hajafika, maana injini yenye tatizo la kuwaka hufichwa hivyo. Ilikuwa ya baridi. Akachuchumaa, akamulika pembeni mwa tairi kwa simu, akaikuta 3417 bila kuonyeshwa. Akafungua tangi akanusa. Akabonyeza mpira wa shokapu za mbele akaangalia kama kidole kimetoka na mafuta. Ndipo akaniuliza, bila kejeli yoyote: "Kaka, mbona kilomita ni chache hivi? Ilikuwa inaumwa?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, hadi ungo wa maharage. Akaiwasha, ikashika mara moja. Akaipeleka hadi karibu na KCMC na kurudi, mimi nimebaki na ufunguo wa gari lake. Akasema 15 na nusu, nikasema 16 na nusu, akasema anakwenda kuongea nyumbani.

Jumamosi anarudi na mkewe. Nimeshamwomba Mama Neema sare ziondolewe kwenye vioo kabla hawajafika.