Yah: Tafadhali Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Jamani mi nna swali moja tu, hivi hawa wanaoandika matangazo ya umma wanamwandikia nani? Maana mimi shule nimekwenda, kusoma najua, miwani ninayo, lakini nikisimama mbele ya tangazo dakika kumi naondoka nikiwa najua kitu kimoja tu, kwamba kuna jambo. Jambo gani, lini, mimi nifanye nini, hayo ni siri ya aliyeandika na muhuri wake.

Chukua barua ya maji. Inaanza YAH, halafu herufi kubwa mistari mitatu, halafu "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Sasa mimi nahusikaje na kichwa cha habari? Kama ni kukisoma nimeshakisoma, ndo nimefika hapa chini! Unaendelea, "huduma tajwa itasitishwa kwa muda kupisha zoezi la ukarabati wa miundombinu hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo". Zoezi. Kila kitu siku hizi ni zoezi, watu hawafanyi usafi, wanafanya zoezi la usafi. Na ukiuliza nani kasitisha, hakuna, imesitishwa tu, yenyewe, kama mvua. Kumbe maneno yote hayo yalikuwa yanataka kusema kesho hakuna maji, jaza ndoo. Maneno matano!

Na usiniambie lugha ya serikali ndo ilivyo, kwa sababu wenzetu walishagombana na hiki kitu zamani. Uingereza kuna mama mmoja anaitwa Chrissie Maher, alichelewa sana kujua kusoma, mpaka ujana, na mwaka 1979 akabeba lundo la mafomu ya serikali akaenda kuyakatakata hadharani pale London karibu na Bunge. Yaani nimempenda bure. Marekani wao wakatunga kabisa sheria mwaka 2010 kwamba ofisi za serikali kuu ziandike nyaraka za umma kwa lugha inayoeleweka. Halafu ISO, shirika la kimataifa la viwango, wale wale waliotuwekea kipimo cha karatasi ya A4, mwaka 2023 nao wakatoa kiwango cha lugha nyepesi. Yaani dunia imetangulia kukubaliana ukubwa wa karatasi, yaliyoandikwa juu yake yakaja baadaye sana! Na walichosema wala si kigumu, eti msomaji apate anachokitafuta, akielewe, na aweze kukitumia. Basi. Mi hapo kwenye kukipata tu nimeshakwama, kwa sababu namba ya simu ya kuuliza wameigongea muhuri juu.

Tuje kwenye udizaini sasa, hapo ndo presha inapanda. Bango zima ni la kuelimisha watu, nusu ya karatasi nembo, robo nyingine picha ya mkubwa akikata utepe, ujumbe wenyewe umebanwa chini kule na maandishi madogo ya kijivu juu ya rangi nyeupe, unasoma kama unatafuta sindano. Au aandike yote kwa herufi kubwa, anadhani amesisitiza, wakati neno la herufi kubwa tupu halina umbo, yote yanakuwa matofali, jicho linateleza. Ukisisitiza kila kitu hujasisitiza kitu bwana. Na wale wa kukuletea tangazo kwenye simu kama pidiefu ya kurasa nne, unakuza, unasogeza kulia, unarudi kushoto, ukifika mwisho wa mstari umesahau mwanzo ulisemaje.

Wengine wanasema weka picha, picha kila mtu anaelewa. Thubutu! Ile alama ya mama mjamzito aliyepigwa mstari kwenye dawa, maana yake dawa itamdhuru mtoto tumboni, sasa wapo watu waliiona wakadhani ni dawa ya kuzuia mimba. Unaona hatari hiyo? Picha nayo ina lugha yake, usipouliza watu wameona nini humo ndani unaweza kuua.

Mama yangu aliniletea karatasi ya dawa siku moja, mwanangu nisomee hapa. Nikasoma kwa sauti kama mtangazaji, "isitumike kwa wagonjwa wasio na uthibitisho wa kutokuwa na mzio". Mama akanitazama. Kwa hiyo ninywe nisinywe? Nikamwambia mama subiri nirudie. Nikarudia. Nikahesabu na vidole, isi, wasio, kutokuwa, hizo ni hapana tatu, hapana mbili zinafutana inabaki moja... Mama akainuka taratibu akaniambia acha tu, nitamuuliza nesi. Miaka yote ya ada ile.

Sasa kwa sababu ya mdomo wangu huu, wapangaji wenzangu pale tunapoishi wakanichagua katibu. Wewe si unajua kulalamika, haya andika wewe. Tenki la maji linaoshwa, wape watu taarifa. Nikasema leo nitawaonyesha. Nikakaa mezani na komputa, nikavuta pumzi, na wallahi sijui mkono ulipatwa na nini, kitu cha kwanza kutoka ni YAH. Halafu "Tafadhali husika". Halafu ikawa inatiririka yenyewe, "wapangaji wote mnajulishwa kuwa kutakuwepo na zoezi la usafishaji wa tenki tajwa mwishoni mwa juma, hivyo mnashauriwa kuchukua tahadhari stahiki". Tahadhari stahiki! Nilijisikia nimevaa tai. Nikakuza nembo ambayo hata hatuna, nikaichora mwenyewe, nikabandika ngazini.

Jumamosi asubuhi niko bafuni, kichwa kizima povu, bomba likakohoa mara mbili likanyamaza. Nikamwita mke wangu, mbona maji yamekata? Akanijibu kutoka jikoni, baba we si ndo uliandika, tangazo limesema saa ngapi? Sasa hapo. Nikajifunga taulo nikatoka mpaka ngazini, jicho moja limefumba kwa sabuni, nasoma tangazo langu mwenyewe. Saa hamna. Siku hamna, ni mwishoni mwa juma tu. Ndoo hazijatajwa popote. Na majirani wanne wamesimama pale pale wanaangalia tangazo, kisha wananiangalia mimi, na mmoja akaniuliza kwa heshima zote, katibu, hiyo ndo tahadhari stahiki?

Fundi akasema tenki la pili wataosha Jumamosi ijayo. Nikataka kuandika tena, binti yangu wa darasa la tano akaninyang'anya karatasi. Akachukua peni nene akaandika: Jumamosi hakuna maji. Kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Ijumaa usiku jaza ndoo. Halafu kumbe hajamaliza, akashuka nayo mpaka kwa mlinzi getini, na hakumuuliza umeelewa, maana ukimuuliza mtu mzima umeelewa atakwambia ndiyo hata kama hajaelewa, alimuuliza, mjomba, wewe utafanya nini Ijumaa? Mjomba akasema nitajaza ndoo. Akamuuliza, maji yanarudi lini? Mjomba akasema Jumamosi saa 10 jioni. Mtoto akarudi juu akabandika.

Ijumaa usiku jengo zima unasikia ndoo tu, kwa kwa kwa, mpaka mzee wa juu kabisa ambaye hajawahi kutii tangazo lolote.

Mimi nikamfuata mtoto taratibu, nikamwambia mwanangu kazi nzuri sana, ila pale juu naona umeacha nafasi kidogo, tukiweka YAH itapendeza, ndogo tu. Akaniuliza, yah ni nini baba?

Nikamwambia kalale.