Mawese ya Buja

Kwa kuwa kuna bwana ameshatangaza kwenye grupu letu la Mwanga, Kigoma, kwamba nililia Bujumbura nikimwita mama, naomba nisahihishe. Sikumwita mama. Nilimwita bibi. Na chozi lilitoka jicho la kulia tu. La kushoto lilifuata baadaye kumfariji mwenzake.

Tulifuata vitenge kama kawaida. Manyovu, Mugina, Nyanza-Lac, Rumonge, ziwa mkono wa kushoto mpaka Buja. Mzigo ukapatikana mapema, tukateremka ufukweni kutafuta chakula. Yule mama mhudumu akasema kuna mukeke. Mimi, kwa sauti ya mtu mwenye pasipoti, nikamjibu: "Huyo huyo nipe. Kwetu hayupo." Mwenzangu akainamia simu yake. Leo ndio najua alikuwa anacheka.

Tukangoja kama dakika 45, maana hapo samaki anawekwa jikoni ukishaagiza. Alipokuja, we acha tu. Amepasuliwa mgongoni, kafunguliwa kama kitabu, ngozi imekaushwa na mkaa hadi inalia ukiigusa, ndani nyama nyeupe bado inachuruza mafuta yake yenyewe. Juu vitunguu vya duara na kipande cha limau, pembeni ndizi za kukaanga. Kilichokosekana, kwa ulimi wa mtu wa Kigoma, ni kimoja tu: mawese.

Na mezani, jamani, kulikuwa na kichupa.

Hapa twende taratibu, maana ndipo yule bwana anapodanganya. Kichupa chenyewe ni kidogo, hakizidi kidole gumba, karatasi yake imefutika kwa kushikwashikwa. Ndani mafuta mekundu ya kuelekea rangi ya chungwa. Mdomoni kina kitundu cha kudondoshea kama dawa ya macho. Nikajisemea: hawa watu wa mjini, mawese wanapima kama dawa! Mnaojua mawese mtauliza mbona sikuona kuwa yanapitisha mwanga, mbona sikuyanusa. Nilikuwa na njaa. Niacheni.

Kitundu kikanichelewesha. Nikaking'oa kwa meno, nikakamua nusu ya kichupa juu ya samaki, nikasambaza kwa vidole ili yaingie vizuri kwenye mipasuko.

Midomo ikaanza kupata joto. Nikadhani limau. Nikamega pande nono la mgongoni, nikaweka mdomoni. Sekunde tatu za kwanza lilikuwa tamu kuliko samaki wote niliowahi kula, hilo sitaliondoa. Ya nne, masikio yakaziba. Ya tano nikasikia moyo unapigia kwenye ufizi. Jasho likatiririka kutoka utosini, likakaribia jicho, na mimi, kwa mkono ule ule, kwa vidole vile vile vilivyosambaza mafuta, nikalifuta.

Ndipo nilipomwita bibi.

"Papa!" yule mama akapiga kelele. "Hiyo ni pilipili! Unatia tone!"

"Tone ngapi?"

"Moja!"

Kumbe ni yale mafuta ya pilipili ya Rwanda, yanayotokana na pilipili mbuzi. Tone moja au mawili yanatosha sahani nzima, na aliyeweka kile kitundu alikuwa na sababu zake. Nikanywa maji. Kosa. Ukali wa pilipili hukaa kwenye mafuta, na maji hayaugusi, yanautembeza tu. Ulikuwa kwenye ulimi, ukahamia kooni. Nikavuta soda. Kosa kubwa zaidi, ile gesi ilipita kama msumari. Mpishi akatoka jikoni na kikombe cha maziwa, akaniamuru nisimeze haraka, nisukutue kwanza. Vidole akanipaka mafuta ya kupikia, akavifuta kwa kitambaa, kisha sabuni, kisha maji. Ukianza na maji unajisumbua. Jicho lenyewe alilimwagia maji safi, mengi, hadi shati likalowa mpaka kwenye mkanda. Video aliyonayo yule bwana inaanzia hapo, ndio maana naonekana kama nabatizwa.

Mpishi akiwa bado ameshika kichwa changu, akauliza kwa upole: "Mnatoka wapi?"

"Kigoma."

"Kigoma mnakosaje mukeke? Si ndio mgebuka wenu?"

Nikageuza jicho lililobaki nikamtazama yule samaki. Mwili mrefu ule ule. Mdomo uliochongoka ule ule. Mimi ni mtoto wa Ujiji. Baba alikuwa anauza migebuka. Ada yangu ya shule, darasa la kwanza hadi kidato cha nne, ililipwa na samaki huyu, nami nimevuka mpaka, nimebadili shilingi kuwa faranga, nikamwambia mwanamke wa watu kwamba kwetu hayupo.

"Ulijua?" nikamuuliza mwenzangu.

"Tangu unaagiza," akasema, anamalizia ndizi zangu.

Mengine hayana maana. Tulilipa, tukalala, kesho yake tukarudi na vitenge salama. Nyumbani mke wangu, kwa wema wake, alikuwa amenipikia mgebuka wa mawese. Nikamwomba anioneshe dumu kwanza.