Arteta Aliyerudishwa Nyuma

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alirudi kutoka mazoezini Tononoka, hapa Mombasa, akapita sebuleni bila kutoa salamu. Viatu vimejaa mchanga, uso umemvimba. Ana miaka 13, na tangu aanze kucheza mpira amevaa jezi namba kumi, ya kiungo mchezeshaji wa mbele. Namba sita ni kiungo wa nyuma, anayesimama mbele ya mabeki. Nilipomfuata chumbani aliniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, kocha amenipa namba sita. Hanitaki tena."

Sikumjibu papo hapo. Nilimwacha apumzike, nikakaa kuandika haya, kwa sababu jibu lake ni refu, na linapitia kwa mtu ambaye mabaraza yetu ya Mji wa Kale yamemhukumu kila wikendi, miaka nenda miaka rudi: Mikel Arteta, kocha wa Arsenal ya Uingereza.

Wanaompinga wana hoja mbili. Ya kwanza: "Huyu hata timu ya taifa lake hakuichezea, atamfunza nani?" Ya pili: kila anachokijua amekichukua kwa kocha Pep Guardiola. Ya kwanza ni kweli kama habari. Hispania ya wakati wake ilikuwa na Xavi, Iniesta, Xabi Alonso, Busquets na Fàbregas, na Arteta hakucheza timu ya wakubwa hata mechi moja. Ya pili ni nusu ya kweli, maana alikuwa msaidizi wa Guardiola pale Manchester City kuanzia 2016 hadi Desemba 2019. Lakini mimi naamini kocha huyu alipikwa kabla ya hapo, na aliyempika ni Arsène Wenger, kocha wake alipokuwa mchezaji wa Arsenal, kwa kumrudisha nyuma.

Tazameni alivyoanza. Kijana wa San Sebastián aliingia kwenye akademia ya Barcelona akakuta njia ya katikati imezibwa. Guardiola yupo, bado mchezaji, Xavi yupo. Mwaka 2001 akapelekwa PSG ya Ufaransa kwa mkopo, akacheza timu moja na Ronaldinho na Okocha. Kisha akenda Rangers ya Scotland, na huko ndiko kwenye kisa chake ninachokipenda kuliko vyote. Mei 25, 2003, siku ya mwisho ya ligi, Rangers na Celtic wameanza siku wakiwa sawa kwa pointi na sawa kwa tofauti ya mabao. Rangers wamemfunga Dunfermline tano kwa moja, dakika zimekwisha, refa anaonyesha penalti. Anayeuchukua mpira ni kijana wa miaka 21 aliye katika msimu wake wa kwanza pale. Akafunga. Ubingwa ukaja kwa tofauti ya bao moja.

Everton ya Uingereza, kuanzia 2005, alikuwa mtu wa mbele: mara winga, mara kiungo mchezeshaji, mpigaji wa kona na mipira ya adhabu. Kama mpwa wangu. Timu ikikwama, apewe Arteta.

Sasa njooni Agosti 2011. Fàbregas ameshakwenda Barcelona, Nasri amekwenda City, na tarehe 28 Arsenal wanafungwa mabao nane kwa mawili na Manchester United. Siku ile hapa mtaani mashabiki wa Arsenal walivua jezi kabla ya kutoka nje. Siku tatu baadaye, dirisha la usajili likikaribia kufungwa, Wenger akamnunua Arteta. Sote tulidhani ameletwa awe Fàbregas mpya. Mwaka uliofuata Alex Song akauzwa Barcelona, na Wenger akamteremsha Arteta mpaka mbele ya mabeki kabisa, mahali pa Song. Alikuwa na miaka 30. Sifa zikapungua. Kazi yake ikawa kuziba, kupokea, kutoa pasi fupi, na kuwapanga wenzake kwa mkono na kwa mdomo. Mwaka 2014, katika fainali ya Kombe la FA, Arsenal walipotoka nyuma mabao mawili wakamfunga Hull City tatu kwa mbili na kumaliza miaka tisa bila kombe, aliyevaa kitambaa cha unahodha uwanjani alikuwa yeye, aliye nyuma.

Ami yangu, aliyetufunza mpira sisi tukiwa wadogo, hakuwa na ubao wala chaki. Alikuwa na vifuniko vya soda mfukoni. Alivipanga chini mchangani, kumi na moja na kumi na moja, akachuchumaa, akatuita tuchuchumae naye. Kisha akachukua kifuniko cha namba kumi, akakigeuza. "Huyu akipokea mpira, adui yuko mgongoni kwake. Yuwaona nini? Yuwaona mabeki wake mwenyewe." Akashika cha namba sita. "Na huyu? Huyu uwanja wote u mbele yake." Aliwahi kuninyanyua kwa mkono kutoka pembeni ya uwanja wakati wa mechi ya wakubwa, akanipeleka nyuma ya goli, akaniambia nikae pale hadi filimbi ya mwisho. Pembeni, alisema, utaona mpira. Nyuma ya goli utaona nafasi. Niliporudi nyumbani jioni ile nilikuwa nimeona mechi nyingine kabisa, na wala sikukumbuka nani alifunga.

Ndiyo maana namwona Arteta kama mtu aliyepewa miaka minne nyuma ya goli. Na ukimtazama kama kocha, jambo analolifanya mara nyingi kuliko makocha wengi ni lile lile alilofanyiwa: kumwondoa mtu pale alipozoea.

Kiungo Granit Xhaka alikuwa amemalizana na mashabiki. Alizomewa Oktoba 2019, akavuliwa unahodha, alitaka kuondoka. Arteta akamshawishi abaki, na baadaye akamsogeza mbele, kinyume na alivyosogezwa yeye, na katika msimu wa 2022/23 Xhaka akafunga mabao saba ya ligi. Ben White alinunuliwa beki wa kati akawa beki wa kulia. Zinchenko, beki wa kushoto, akawa anaingia katikati timu ikiwa na mpira. Havertz aliletwa kiungo akaishia namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati. Wale waliokataa kuenda na mpango, hata wakiwa na majina makubwa, walipata mlango. Kiungo Özil aliachwa nje ya orodha ya wachezaji 2020, mshambuliaji Aubameyang akavuliwa unahodha Desemba 2021.

Kuhusu Aubameyang, mimi niliumia, nasema kweli. Agosti 1, 2020 ilikuwa siku ya pili ya Idi, na fainali ya Kombe la FA dhidi ya Chelsea ilianza saa moja na nusu za usiku kwetu. Tulikusanyika kwa ami, pilau la jana limepashwa moto, mlango umefungwa kwa sababu ya korona. Kafyu ilikuwa saa tatu, na ilipofika saa tatu mpira ulikuwa bado. Hakuna aliyenyanyuka. Pulisic wa Chelsea alikuwa ametangulia kufunga mapema sana, Aubameyang akasawazisha kwa penalti, kisha lile la pili, alipomgeuza beki na kuuinua mpira juu ya kipa kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Wembley tupu, barabara yetu tupu, na sisi tumezibana midomo kwa mikono tusije tukasikika nje. Tukalala kwa ami, tumelaliana kwenye mkeka mmoja. Hilo ndilo kombe la kwanza la Arteta kama kocha, na aliyelileta alikuja kuondolewa. Nilikasirika mwaka mzima. Leo naona alikuwa sawa kumwondoa, na bado inaniuma.

Msimu uliofuata kombe lile, Arsenal waliangukia nafasi ya 15 Desemba 2020. Baraza lote likataka afukuzwe. Siku ya pili ya Krismasi akawaanzisha Smith Rowe, Saka na Martinelli, vijana watupu, wakamfunga Chelsea tatu kwa moja. Uongozi ulimwacha. Timu zetu za Pwani zingeshampa barua mwezi Oktoba, na huo ni ugonjwa wetu ninaoutaja kila mara. Kuanzia 2023 hadi 2025 akamaliza wa pili mara tatu mfululizo.

Na hapa siwezi kumtetea. Mtu aliyeamini maisha yake yote kwamba mchezaji mzuri aweza kucheza popote, mwisho huamini hahitaji mshambuliaji. Januari 2025 mshambuliaji Gabriel Jesus aliumia goti, dirisha likafungwa bila mshambuliaji kuletwa, Havertz naye akaumia Februari, na Mikel Merino, kiungo, akawa ndiye namba tisa. Alifunga mawili Leicester, tukashangilia. Lakini ubingwa haupatikani kwa kiungo wa kuazima. Mshambuliaji Viktor Gyökeres alikuja miezi michache baadaye, na mimi nasema alichelewa msimu mzima.

Mpwa wangu hana kiu ya habari za Uingereza kama sisi wazee, kwa hivyo nilimpa na ya nyumbani. Mmoja wa Wakenya waliofika mbali sana katika mpira ni Victor Wanyama. Ndiye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka 2013, na kabla ya hapo, Novemba 2012, aliwafunga Barcelona kwa kichwa akiwa Celtic. Nikamuuliza, Wanyama alicheza namba gani? Mpwa wangu alinyamaza kidogo. "Sita," akasema, kama mtu aliyelazimishwa.

Hakufurahi. Aliniuliza kama akicheza vizuri hapo atarudishwa kumi, nikamwambia labda, nikamwambia pia labda hatataka. Hilo hakuliamini hata kidogo.

Wana mechi Jumamosi hii, saa kumi. Kwa kawaida mimi husimama pembeni na wazazi wengine, karibu na muuza mihogo. Safari hii nimemwambia anitafute nyuma ya goli lao. Ami naye amesema nimpitie, ingawa magoti hayamruhusu kusimama muda mrefu, kwa hivyo nitabeba kiti.