"Arudi Akipungua"

Maneno mawili tu kwenye faili, na mtu anayeishi kwa mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, aliyekuja kuomba kupandikizwa figo, anarudishwa nyumbani kwa sababu ya unene. Hakuambiwa apungueje, wala lini atatazamwa tena. Hilo ndilo linaloniuma.

Sibishi kwamba uzito una athari. Figo mpya haiwekwi mahali pa zile za zamani. Hulazwa chini ya tumbo, upande wa nyonga, na mishipa yake hushonwa kwenye mishipa mikubwa inayoteremka mguuni. Tumbo likiwa nene, daktari anafanya kazi shimoni: mafuta yanarudi kufunika pale anaposhona, na upasuaji unarefuka. Baadaye mshono ndio unaosumbua. Unaingia usaha, unaachia, kidonda kinachukua wiki nyingi kufunga, maana dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo ndizo hizo hizo zinazoshusha kinga. Figo yenyewe huweza kuchelewa kuanza kazi, mgonjwa akarudi kwenye mashine kwa muda. Kisukari kipya nacho huwanyemelea zaidi wanene.

Ila mara nyingi mnene aliyepandikizwa hulinganishwa na mwembamba aliyepandikizwa, na mgonjwa hana chaguo hilo. Mbele yake kuna figo au mashine. Ukipima hivyo, wanene waliopata figo kwa jumla huishi muda mrefu kuliko wanene wenzao waliobaki kwenye foleni. Mwongozo wa mwaka 2020 wa KDIGO, shirika la kimataifa linaloandika miongozo ya magonjwa ya figo, unashauri mtu asinyimwe figo kwa sababu ya unene peke yake. Hata hivyo vituo vingi bado vina mstari wao wa kukataa kwa kipimo cha unene, BMI: 35 hapa, 40 pale.

Tuutazame mstari wenyewe. BMI ni kilo zako ukizigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, hesabu iliyoanzia kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa mtu wa takwimu, si tabibu. Chukua mtu wa mita 1.70. Anapanda mizani kabla ya kusafishwa damu: kilo 103, BMI 35.6. Anatolewa lita tatu za maji yaliyojaa mwilini, anapanda tena: kilo 100, BMI 34.6. Asubuhi amekataliwa, mchana anafaa, na hajapunguza hata chembe ya mafuta.

Mizani hiyo haijui misuli pia. Mtu wa mashine akijinyima chakula ili apungue haraka, huweza kupoteza misuli ile ile atakayoihitaji siku ya upasuaji. Aliyekonda kupita kiasi naye ana hatari zake, ingawa hasemwi sana.

Njia zipo. Huko Chicago, tangu mwaka 2009 madaktari wamewapandikiza wanene kwa msaada wa roboti, mkato wao mkubwa ukiwa juu zaidi tumboni, mbali na mikunjo ya chini ambako usaha hupenda kuanzia. Wengine husaidiwa kwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula kwanza. Na pasipo na vyote hivyo, mtaalamu wa lishe anayejua chakula cha mgonjwa wa figo anaweza kukaa naye, wapime uzito baada ya mashine badala ya kabla, na afuatwe hata baada ya kupandikizwa, kwa sababu prednisoloni, mojawapo ya dawa hizo za kulinda figo mpya, huleta njaa na kilo hurudi kwa kasi. Kwenye faili, pale palipoandikwa "arudi akipungua", iandikwe tarehe ya kurudi na jina la atakayemsaidia.