Kisu cha muhogo nilipewa, patasi nikanyimwa

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye karakana ya shule moja hapa Tampere, Ufini. Nje theluji imefika magotini, ndani nimeshikilia ubao wa msonobari, na binti yangu wa miaka sita anaukata kwa msumeno huku ametoa ulimi nje kama fundi mzee. Tulikuwa wazazi wanane na watoto wanane, na kila mzazi amelipia. Usajili ulipofunguliwa nilikuwa nimekaa macho kwenye simu, maana nafasi za useremala wa mzazi na mtoto zinaisha kama tiketi za basi la Dar siku mbili kabla ya Idi. Maranda yakaniingia kwenye soksi, nikajikuta nacheka peke yangu.

Mimi ni mtoto wa seremala. Nimezaliwa Chikongola, Mtwara, hatua ishirini kutoka kwenye benchi la baba. Nimevuka bahari na mabara kuja kulipia kitu ambacho kwetu kilikuwa kinafagiliwa kila jioni na kupewa wafuga kuku.

Karakana ya baba ni banda la makuti chini ya mwembe, kando ya njia. Pale vimetoka vitanda vya tano kwa sita visivyo na idadi, milango ya mninga, fremu za madirisha, na jeneza pale mtaa ulipopata msiba. Kazi zangu zilikuwa tatu: kufagia maranda, kukimbilia dukani kununua misumari ya inchi tatu, na kushika. "Shika hapo, usitikisike." Nimeshika mbao nyingi kuliko nilivyoshika madaftari. Kwa sauti tu nilikuwa najua kama msumeno umekufa makali, na kwa harufu nilijua kama leo ni mninga au mkongo. Lakini kukata? Kuranda? Kupiga patasi? Hapana. "Patasi si ya kuchezea. Tena wewe mtoto wa kike."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Umri huohuo wa miaka sita bibi alishanipa kisu cha kumenyea muhogo, kikali, kimenolewa kwenye jiwe. Nilikuwa nakaa juu ya mbuzi na kukuna nazi mbili, meno ya chuma yako inchi moja kutoka kwenye vidole vyangu. Hakuna aliyesema "mtoto ataumia". Kwa hiyo suala halikuwa makali. Suala lilikuwa makali yale ni ya kazi ya nani.

Najua mtu atanikumbusha mila. Ni kweli, vinyago vya mapiko, vile vya ngoma za jando za Wamakonde, vilichongwa kwa siri na wanawake hawakutakiwa hata kujua vinavyotengenezwa. Lakini Wamakonde haohao wana hadithi kwamba mtu wa kwanza alichonga umbo la mwanamke kwa mti, likapata uhai, likawa mkewe. Tumetoka kwenye mti halafu tukaambiwa tusiuguse. Mimi nimeshindwa kuelewa hapo, anayeelewa anieleweshe.

Nilipofika miaka tisa niliiba patasi. Ilikuwa Ijumaa, baba yuko msikitini. Nilichukua ile ya nusu inchi, nikakaa chini, nikabana kipande cha mbao katikati ya magoti, nikaanza kukichonga kwa kuvuta patasi kuelekea kifuani. Kwa nini kuvuta? Kwa sababu ndivyo unavyomenya muhogo: kisu kinakuja kwako, kidole gumba kinakingia upande wa pili. Mkono wangu ulijua hivyo tu. Patasi ikateleza, ikaingia kwenye gumba la kushoto mpaka nikaona kitu cheupe. Nyuzi nne zahanati. Baba hakunipiga. Alikaa muda mrefu anatazama ile patasi, halafu jioni sanduku la zana likapata kufuli. "Mimi nahangaika na mbao ili wewe ushike kalamu," akasema. Kovu ninalo mpaka leo.

Siwezi kumlaumu. Shuleni mwalimu alikuwa anatutisha: ukifeli la saba utaishia kwenye randa. Na mimi nimekaa darasani, ada na sare vimetoka kwenye hiyohiyo randa. Baba aliyasikia maneno hayo kwa miaka, akayaamini. Kaka zangu wawili nao aliwafukuza karakanani kwa upendo uleule. Mmoja ana bodaboda, mwingine yuko Dar anatafuta. Mafundi wawili aliowafundisha ni watoto wa watu wengine.

Huku nilipo mambo ni kinyume kabisa. Ufini iliingiza kazi za mikono kwenye shule za watu wote mwaka 1866, na aliyepigania jambo hilo, Uno Cygnaeus, alikuwa mchungaji, si seremala. Hakutaka kuzalisha mafundi. Alitaka jicho na mkono wa mtoto vijifunze pamoja na kichwa. Tangu mtaala wa 2016 uanze kutumika, mbao na uzi ni somo moja, wasichana na wavulana wote: mwanao wa kiume anarudi na soksi aliyoifuma, wa kike anarudi na kigoda. Mtoto wa daktari na wa dereva wa basi wako benchi moja, na hakuna anayeambiwa kwamba benchi hilo ni la waliofeli.

Msinielewe vibaya, hata sisi tulikuwa na wazo hilo. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ni ya 1967. Lakini wazo lilipofika shuleni kwetu liligeuka kuwa adhabu: umechelewa namba, kalime matuta matano. Stadi za kazi tulizisoma kwa kuchora msumeno kwenye daftari na kutaja sehemu za randa. Nilipata mia kwa mia, na randa yenyewe sijawahi kuisukuma. Sasa mkondo wa amali, yaani wa ufundi, umeanza sekondari tangu 2024, nimefurahi, ila kidato cha kwanza mtoto ana miaka kumi na tatu, kumi na nne. Ameshafundishwa kuidharau kazi hiyo kwa nusu ya maisha yake.

Nirudi kwenye yale niliyoyaona kwa macho, maana hapo ndipo pana faida. Mwalimu wetu ni mama mmoja mkimya. Siku ya kwanza hakuzungumzia hatari hata dakika mbili. Alibana ubao kwenye jiriwa, kile chuma cha kubania mbao, akamwambia kila mtoto ashike msumeno kwa mikono yote miwili. Basi. Kama mikono miwili iko kwenye mpini, ni kidole gani kitakatwa? Baba anabana ubao kwa goti miaka yote, na jiriwa ipo imeota kutu. Msumari ni hivyohivyo: mtoto haushiki kwa vidole, anaubana kwa kibanio cha nguo, anapiga. Nyundo ikikosea inakula kibanio. Kisu nacho kina sheria moja ya kupendeza: kaa chini, nyoosha mkono, zunguka, ukimgusa mtu, usichomoe kisu. Na unasukuma, hauvuti. Niliposikia hilo la kusukuma nilificha gumba langu kwenye glavu.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba ya ndege. Tundu la mlango ni milimita 32 kwa aina moja ya kindege chenye tumbo la njano. Ukizidisha, wakubwa zaidi wanaingia na kumpora. Nikamtumia baba picha WhatsApp. Akapiga simu kabla sijaweka simu mezani. "Mama, huko miti hakuna?" Nikamwambia baba, robo tatu ya nchi hii ni msitu. "Sasa ndege anajengewa nyumba ya nini?" Alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho ndicho sitaki kukipamba. Vumbi la mbao limewekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Karakana ya huku ina mitambo ya kunyonya vumbi, kwetu tuna upepo wa bahari tu. Anayetaka kumshirikisha mwanawe amweke upande upepo unakotoka, watumie zana za mkono, na mashine ya kuranda ikiwashwa mtoto aondoke. Na waanze na vipande vya msonobari, si mkongo. Hata mtu mzima mkongo unamtoa jasho.

Lakini huku nako kuna upungufu unaoniuma. Mwanangu anakata mbao saa mbili kwa wiki, kisha mwalimu anaangalia saa na sisi tunafagia. Hajawahi kuona mbao inaanzia wapi. Hajawahi kumwona mteja aliyelipa nusu akija na maneno matamu kuchukua kabati, wala fundi akikaa nusu saa kimya anautazama ubao mmoja kabla ya kuugusa. Hajui hata mimi kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, nafanya nini, haruhusiwi kuja. Huku watu wazima wanafanya kazi mahali watoto hawapo, halafu wanalipa ada ili wakae na watoto na kujifanya wanafanya kazi. Na pale juu ya karakana kuna darasa la muziki. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, na sehemu kubwa ya mpingo wa dunia inatoka Tanzania na Msumbiji. Nikamwonyesha mwanangu klarineti moja nikamwambia mti ule unaota kwa babu, Kilwa, Nachingwea huko. Akauliza, "Babu anatengeneza klarineti?" Nikabaki sina jibu.

Desemba tulienda nyumbani. Maembe yamejaa, korosho zinaelekea mwishoni, bibi ametupikia ming'oko. Siku ya pili mwanangu akachukua kisu chake cha Kifini, akakaa kwenye kigoda chini ya mwembe, akaanza kuchonga kijiti.

"Nani kampa mtoto kisu?"

"Mimi, baba."

Akamsogelea kumnyang'anya. Mtoto akarudisha kisu kwenye ala, akanyoosha mkono, akauzungusha, ukamgusa babu tumboni. "Babu, kaa mbali kidogo." Kwa Kiswahili chake hichohicho cha kuokoteza. Majirani waliokuwa barazani walikufa kwa kicheko: mke mdogo anamfukuza mzee kwenye karakana yake! Baba akarudi nyuma hatua mbili. Akasimama anatazama. Mtoto akachomoa kisu, akasukuma, kipande kikaruka. Akasukuma tena.

"Havuti," baba akasema. Akatazama mkono wangu wa kushoto, halafu akatazama pembeni.

Kesho yake asubuhi kufuli halikuwepo. Alichukua patasi ya robo inchi, akaukata mpini wake na kuupiga msasa mpaka ukaenea kwenye kiganja kidogo. Akaitoa kutu ile jiriwa kwa mafuta ya taa. Kufikia saa tano watoto wa mtaa walikuwa saba, akawafokea, wakaondoka, wakarudi. Mwishowe akawamwagia debe la misumari iliyopinda wainyooshe, na kila aliyenyoosha ishirini alipata kipande cha mbao na zamu ya nyundo. Watatu kati yao walikuwa wasichana. Hakusema lolote kuhusu hilo, na mimi sikumkumbusha.

Kuna rafiki yangu niliyemsimulia, akasema hiyo ni ajira ya watoto. Ajira ni pale mtoto anapolazimishwa kumalizia kitanda cha mteja badala ya kwenda shule. Wale watoto walitengeneza magari yenye magurudumu ya ndala na wakaondoka nayo. Kama hiyo ni ajira, basi kumenya muhogo tukuiteje?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, kila mtaa una fundi. Vipande anavichoma moto. Wewe mwalimu, wewe karani wa benki, pita pale Jumamosi na mwanao, nunua vipande vya elfu moja, mwombe akuazime jiriwa saa moja, na ukae hapo hapo usiende kupiga soga. Kama hujui kitu, vizuri zaidi, mtakosea pamoja. Sisi huku tunaamka saa kumi na mbili asubuhi kupigania nafasi.

Juzi baba kanitumia ujumbe wa sauti. Anataka kujua mjukuu akisimama wima na kuning'iniza mkono, kiganja kinafika wapi kutoka chini. Nikampima mlangoni: sentimita 52. "Niambie kwa inchi," akasema. Ishirini na nusu. Akanyamaza, nikasikia penseli inakwaruza ubao.

"Nitaweka ishirini na mbili. Mpaka mje atakuwa amelifikia hilo benchi."