Kwa nini 1933 na si 1919? Maoni yangu kuhusu kujiandaa na mtihani wa Historia

Kila ifikapo mwezi Machi, wakati watahiniwa wa kidato cha sita wanahesabu wiki zilizobaki kabla ya mtihani wa taifa wa mwezi Mei, vibaraza vya mtaani kwetu Temeke hugeuka madarasa. Wasichana na wavulana wa michepuo ya HGL, HKL na HGK hukaa mkekani na madesa waliyotoa fotokopi Kariakoo, mmoja akisoma kwa sauti na wenzake wakirudia: sababu sita za Vita vya Kwanza vya Dunia, sababu saba za kuibuka kwa Unazi, matokeo manane ya Mdororo Mkuu wa Uchumi. Nimekuwa nikiwasaidia vijana hao jioni kwa miaka kadhaa sasa, nami naamini kwa moyo wote kwamba kukariri pointi kwa namna hiyo kunawanyima alama, na baya zaidi, kunawanyima somo lenyewe.

Mwaka huu nilimwuliza msichana mmoja hodari, ambaye daftari lake halina doa, kwa nini Wajerumani walimfuata Hitler. Alijibu bila kusita kwamba sababu ni Mkataba wa Versailles, ule wa amani ulioibebesha Ujerumani lawama na fidia za Vita vya Kwanza. Nikamwomba anikumbushe mkataba huo ulitiwa saini lini, akasema 28 Juni 1919, na ni kweli. Nikamwuliza Hitler alipata lini uchansela, yaani uongozi wa serikali ya Ujerumani, akasema 30 Januari 1933, na hilo pia ni kweli. Basi ilikuwaje hasira ya mkataba ikangoja karibu miaka 14? Kibaraza kizima kikanyamaza. Miaka yote miwili walikuwa wameihifadhi, lakini hakuna aliyewahi kuiweka bega kwa bega na kuuliza katikati yake kulipita nini.

Katikati hapo ndipo penye jibu. Katika uchaguzi wa bunge wa Mei 1928 chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 tu ya kura, ingawa aibu ya Versailles ilikuwa palepale na fidia ilikuwa bado inadaiwa. Wakati huo Ujerumani ilikuwa inapumua kwa mikopo ya Marekani iliyoanza kuingia kwa wingi baada ya Mpango wa Dawes wa 1924, uliopunguza makali ya malipo ya fidia. Viwanda vilikuwa vinafanya kazi, na mtu mwenye mshahara hana haraka ya kumsikiliza anayehubiri chuki. Kisha soko la hisa la New York likaanguka Oktoba 1929, mabenki ya Marekani yakaanza kudai fedha zao, viwanda vya Ujerumani vikafungwa, na kufikia mwanzoni mwa 1932 watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Kura za Wanazi zilipanda hadi asilimia 18.3 mnamo Septemba 1930 na asilimia 37.3 mnamo Julai 1932. Mkataba uliwapa Wanazi maneno ya kusema, lakini ni ukosefu wa kazi uliowapa wasikilizaji. Mtahiniwa aliyeushika mfuatano huu hatishiki swali likimtaka aeleze ni kwa kiasi gani Versailles ilisababisha Unazi, kwa sababu anaweza kupima uzito wa kila sababu. Aliyekariri pointi saba atazimwaga zote saba, kwa mpangilio uleule wa desa, hata kama swali limeulizia moja tu.

Nayasema haya kwa uchungu kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe. Katika mtihani wa majaribio nikiwa kidato cha sita niliulizwa namna amani ya 1919 ilivyochangia kuzuka kwa vita vya 1939. Niliona neno "vita" nikaandika kurasa nne za sababu za vita vya 1914, kwa mwandiko mzuri, bila kosa hata moja la tarehe. Mwalimu aliandika chini yake maneno mawili: "Hujajibu swali." Nilikuwa nimekesha wiki tatu kwa ajili ya karatasi ile.

Jambo jingine linalonisikitisha ni kwamba vijana wa Dar es Salaam huisoma historia ya dunia kana kwamba ilitokea mahali ambapo wao hawatafika kamwe. Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai 1914, na Uingereza ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea ilikuwa tayari inapiga mizinga hapa kwetu, ikilenga kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Kutoka tangazo la Vienna hadi mizinga ya Dar es Salaam ni siku 11! Mwanafunzi akijiuliza jinsi ugomvi wa Balkani ulivyotufikia kwa kasi hiyo, atajikuta anaeleza miungano ya kijeshi na ubeberu kwa pamoja, bila kuvitenganisha kama pointi ya kwanza na ya pili. Na Kariakoo yenyewe, anakotoa fotokopi, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilichoitwa "Carrier Corps", katika vita hivyohivyo. Sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora, iliyozinduliwa mwaka 1927, tunaipita kila siku ndani ya daladala.

Mada ya Mdororo Mkuu nayo ina sura ya kwetu, kwani bei ya mkonge ilianguka na ujira wa vibarua wa mashambani ukapunguzwa. Kuhusu Vita Baridi, ushahidi uko Barabara ya Nyerere. Stesheni ya TAZARA ni mwanzo wa reli ya kilomita 1,860 kwenda Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya nchi za Magharibi kukataa kuigharimia. Mwulize mtahiniwa kwa nini China, iliyokuwa maskini wakati huo, ilikubali mzigo huo. Atalazimika kueleza mfarakano wa China na Urusi, haja ya Zambia ya kupitisha shaba yake kwingine baada ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) kujitangazia uhuru Novemba 1965, na juhudi za Beijing za kutafuta marafiki hadi ilipopata kiti chake Umoja wa Mataifa Oktoba 1971, Tanzania ikiwa miongoni mwa watetezi wake wakubwa.

Kuna pia suala la lugha, ambalo wengi hulikwepa. Mtihani huu huandikwa kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo baadhi ya walimu huwakataza wanafunzi kujadiliana kwa Kiswahili. Siwaungi mkono. Mwanafunzi anayebishana kwa lugha anayoiota usiku hugundua mapema pale hoja yake inapokatika, ilhali anayekariri sentensi za Kiingereza anaweza kuzitamka zote kwa ufasaha bila kujua kwamba haelewi. Kwenye kibaraza chetu hoja hujengwa kwanza kwa Kiswahili mpaka isimame, ndipo kila mmoja huiandika kwa Kiingereza, peke yake, saa ikiwa mezani. Mazoezi ya kuandika hayana mbadala, wala ya kupanga muda, kwa kuwa saa tatu za mtihani huisha upesi mno kwa asiyezizoea. Mitihani ya miaka iliyopita nayo inafaa sana, mradi isigeuzwe kuwa ramli ya kubashiri swali litakalokuja.

Yule msichana wa daftari safi alirudi Jumatano iliyopita. Alikuwa amechora mstari mrefu katika kurasa mbili zilizokabiliana, 1919 upande mmoja na 1933 upande wa pili, na katikati amejaza miaka kwa kalamu nyekundu. Hakuja kusomewa. "Mwalimu," alisema, "mbona uchaguzi wa Novemba 1932 kura za Wanazi zilishuka hadi asilimia 33? Kama walikuwa wanashuka, Rais Hindenburg alimteuaje Hitler karibu miezi mitatu baadaye?" Wenzake waliweka madesa chini. Tulikaa kwenye swali hilo mpaka adhana ya isha.